Uchunguzi wa Hewa na Vifua Vyetu: Tukubali kwa Mapatano Gani?

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Kamati ya Afya na Usalama mbele ya mkutano wa wajumbe wa matawi

Bwana Mwenyekiti, ndugu wajumbe, akina mama na akina baba,

Kamati yetu imeagizwa ilete mbele yenu jambo moja tu, nanyi mlipigie kura kabla ya kutawanyika.

Jambo lenyewe mnalijua. Barua imefika ofisini kwetu kutoka kwa madaktari wachunguzi wanaotaka kuingia katika viwanda ambamo wanachama wetu hufanya kazi, wapime hewa, wapime na pumzi za wafanya kazi. Wenye viwanda wamekwisha kuulizwa, na baadhi yao wamekubali. Sasa twaulizwa sisi. Matawi mengine yasema ndiyo. Tawi moja limekataa kabisa, na ndugu hao wana sababu zao, tena sababu zenye uzito. Hatukuja hapa kumlaumu mtu. Tumekuja kueleza ugumu wa kazi hii ulivyo, ili kila mmoja apige kura akijua anapigia nini.

HEWA NA KIFUA

Kwanza tukumbushane. Vumbi si kitu kimoja. Lile kubwa tunaliona kwa macho. Hukamatwa puani na kooni, tukalitema. Linalodhuru zaidi ni lile jembamba lisiloonekana. Madaktari hulihesabu lile lenye upana usiozidi maikroni 2.5, na unywele wa mtu una upana wa maikroni 50 hadi 70 hivi. Vumbi jembamba namna hiyo hupita pua, likapita koo, likashuka mpaka kwenye vifuko vidogo vya mapafu, pale damu inapochukua hewa.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipunguza kiasi cha vumbi hili kinachopendekezwa. Tangu mwaka 2005 lilikuwa likisema wastani wa mwaka usizidi maikrogramu 10 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa. Sasa lasema 5. Shirika hilo lakadiria kwamba watu kama milioni 7 duniani hufa kila mwaka kabla ya wakati wao kwa sababu ya hewa chafu ya nje na moshi wa majumbani.

Hayo ni ya watu wote. Sisi wafanya kazi tunayo na yetu juu yake. Vumbi la mawe na mchanga huacha makovu katika mapafu, nao ugonjwa huo waitwa silikosisi. Vumbi la pamba hubana kifua. Vumbi la unga na la mbao huleta pumu. Moshi wa kuunganisha vyuma kwa moto nao una sumu yake. Na kovu likiisha kuingia katika pafu haliponi. Dawa yaweza kupunguza taabu, lakini haiwezi kulirudisha pafu lilivyokuwa.

Kwa hiyo dawa ya kweli ni kuzuia. Na kuzuia kwahitaji kujua: vumbi kiasi gani, kwa saa ngapi, kwa miaka mingapi, na limewadhuru watu wangapi. Kujua huko ndiko kuitwako uchunguzi. Hakuna mtu mmoja awezaye kuufanya peke yake. Daktari ana vyombo, lakini hana ufunguo wa mlango. Mwenye kiwanda ana mlango na daftari la mishahara. Sisi tuna vifua, na tunaijua kazi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini vidole hivi vitatu haviaminiani, na hapo ndipo ugumu unapoanzia.

UGUMU WA KWANZA: HOFU YA KUFUKUZWA

Ndugu wa tawi lililokataa wamesema hivi: mtu akipimwa akaonekana mgonjwa, kesho hana kazi. Hofu hii si upuzi, wala si ya Kenya tu.

Katika nchi ya Wales, huko Uingereza, wachimba makaa walikuwa wakifa kwa vumbi la mgodini miaka na miaka, na kwa muda mrefu wakaambiwa ati vumbi la makaa halina madhara. Mwaka 1943 ndipo ilipokubaliwa kisheria kwamba vumbi la makaa lenyewe laleta ugonjwa, na fidia ikawekwa. Lakini mapatano yale yalikuwa na mwiba ndani yake. Aliyethibitishwa kuwa mgonjwa alitakiwa kuacha kazi ya mgodi. Maelfu ya watu walitolewa hivyo katika miaka ile, katika mabonde ambamo kazi nyingine zilikuwa chache mno. Fikirini wenyewe: mtu akohoa, ana watoto nyumbani, naye ajua kwamba akipigwa picha ya kifua atapata karatasi ya fidia na kupoteza mshahara. Wengi wangefanya nini?

Mwaka 1945 Baraza la Uchunguzi wa Tiba la Uingereza lilianzisha kituo cha kuchunguza ugonjwa huo karibu na mji wa Cardiff. Mmoja wa madaktari wake alikuwa Dr Archie Cochrane. Kuanzia mwaka 1950 alitaka kuwapiga picha za kifua watu wa bonde zima liitwalo Rhondda Fach. Alijua kwamba walio wagonjwa wakijificha, hesabu yote ni uongo. Basi alifanya nini? Aliajiri watu waliokuwa wachimba makaa, baadhi yao wakiwa wamelemazwa na vumbi lile lile, wakaenda nyumba kwa nyumba kuzungumza na wenzao. Akatafuta pia msaada wa chama cha wachimba makaa. Mwishowe wachimba makaa zaidi ya tisini kwa mia walipigwa picha. Bwana mkubwa mwenye koti jeupe peke yake hangepata hata nusu yao.

Na tuseme jambo moja la kumsifu daktari huyu. Alikuwa akidhani kwamba wakiondoa kifua kikuu bondeni, ule ugonjwa mbaya zaidi wa vumbi utapungua. Haikuwa hivyo. Naye akaandika wazi kwamba haikuwa hivyo. Mchunguzi wa namna hii tunamtaka.

UGUMU WA PILI: NANI ALIPA, NANI AMILIKI MATOKEO

Sasa tuwape mfano wa upande mwingine. Huko Marekani, katika mji wa Saranac Lake, jimbo la New York, kulikuwa na maabara iliyosifika sana kwa uchunguzi wa mapafu. Mwaka 1936 kampuni za asbesto zilikubali kuilipia ichunguze vumbi lao. Lakini sharti lilikuwa hili: matokeo yawe mali ya wenye fedha, nayo yasitangazwe bila ruhusa yao. Mkuu wa maabara, Dr Leroy Gardner, alikubali. Mwaka 1943 aliwaandikia kwamba panya wengi waliovuta vumbi hilo kwa muda mrefu walipata uvimbe wa saratani mapafuni. Akafa mwaka 1946. Mwaka 1951 taarifa ya kazi ile ilipotangazwa, habari za saratani zilikuwa zimeondolewa.

Na katika miaka hiyo yote watu waliendelea kukata asbesto, kuisaga na kuibeba. Paa za asbesto zilijengwa hapa Kenya pia, katika nyumba za wafanya kazi na katika mashule.

Hatusemi kwamba fedha za mwenye kiwanda zisipokelewe kamwe. Yeye ndiye afanyaye vumbi, na ni haki alipe. Twasema kwamba kulipa kusimpe ufunguo wa kabati la matokeo.

Fedha za nchi za ng'ambo nazo zina shida yake, ijapokuwa si shida ile ile. Mara nyingi hutolewa kwa miaka mitatu au minne, na ugonjwa wa vumbi hujificha miaka kumi au ishirini. Mwaka 2021 serikali ya Uingereza ilipopunguza misaada, kazi nyingi za uchunguzi wa pamoja na nchi za Afrika na kwingineko zilikatwa fedha zikiwa katikati. Mwaka 2025 Marekani nayo ikakatiza fedha nyingi za namna hiyo. Mtu aliyevaa chombo cha kupimia mwezi wa kwanza haambiwi lo lote mwezi wa sita, kwa sababu karani aliyekuwa na daftari amekwisha kuachishwa. Kwa hiyo lazima tuulize tangu mwanzo: fedha zikiisha, nani atamaliza hesabu?

UGUMU WA TATU: WALIO WAGONJWA HAWAPO

Huu ni ugumu ambao wengi hawauoni, nao ni mkubwa kuliko yote. Mchunguzi aingia kiwandani, apima watu mia, aona wengi wana nguvu. Asema kiwanda ni salama. Lakini walio dhaifu wako wapi? Wameshindwa na kazi, wakaenda zao nyumbani, Kakamega, Machakos, Kisii, na wengine wamekwisha kuzikwa. Aliyebaki kwenye mashine ni yule mwenye kifua cha chuma. Ukipima waliobaki tu, kiwanda kibaya kitaonekana kizuri.

Na vibarua je? Kibarua hufanya kazi miezi mitatu akaachishwa, akaajiriwa mahali pengine penye vumbi. Jina lake halimo katika daftari. Mara nyingi yeye ndiye apewaye kufagia, na kufagia ndiyo kazi yenye vumbi kuliko zote.

Hapa chama kina kitu ambacho daktari hana. Tuna madaftari ya ada ya miaka mingi, yenye majina ya watu waliokwisha kuondoka. Tunao wazee wanaojua nani aliugua na ameenda wapi. Uchunguzi usiowatafuta hao haufai kuitwa uchunguzi wa kiwanda.

UGUMU WA NNE: MOSHI WA KAZINI NA MOSHI WA NYUMBANI

Tukilalamika juu ya vumbi, mwenye kiwanda hujibu: "Ninyi mwapika kwa makaa, mwawasha mafuta ya taa, mwavuta sigara, mwaishi karibu na majaa yanayoungua. Kwa nini mnanilaumu mimi?"

Tusikasirike, tumjibu kwa akili. Ni kweli kwamba moshi wa nyumbani wadhuru, hasa akina mama na watoto. Ni kweli kwamba sigara yadhuru. Lakini madhara hujumlishwa. Moja halifuti jingine. Mtu aliyebebeshwa gunia moja nyumbani hana sababu ya kuongezewa la pili kazini. Na njia ya kutenganisha mambo haya ipo: kulinganisha. Walinganishwe watu wa mtaa mmoja, wapikao namna moja, wengine wafanye kazi penye vumbi na wengine pasipo na vumbi.

Tuna mfano wa karibu. Hapa Nairobi madaktari wa KEMRI pamoja na wenzao wa Liverpool na vyuo vingine walifanya uchunguzi ulioitwa Tupumue. Walichunguza watoto wa shule zaidi ya 2,300, wengine wa Mukuru na wengine wa Buruburu, mitaa inayopakana. Walionekana watoto wa Mukuru wana dalili nyingi zaidi za taabu ya kupumua. Lakini ukihesabu walioambiwa na daktari kwamba wana pumu, wa Buruburu walikuwa wengi zaidi. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba maskini huugua bila kupewa jina la ugonjwa wake. Tukihesabu vyeti vya hospitali tu, tutadhani walioumia ni wale wenye fedha za kwenda hospitali.

UGUMU WA TANO: SIKU YA KUPIMA

Katika kiwanda kimoja, ambacho hatutakitaja, watu wa kupima hewa walikuja kwa siku mbili. Usiku wa kuamkia siku ya kwanza vibarua waliamriwa kufagia na kumwaga maji kila mahali. Mashine mbili zenye vumbi kuliko zote zikasimamishwa, ati zimeharibika. Wapimaji wakakaa zamu ya mchana tu. Zamu ya usiku, ambapo madirisha hufungwa kwa sababu ya baridi, haikupimwa hata saa moja. Taarifa ikasema hewa ni nzuri. Na kila tukilalamika twaonyeshwa taarifa hiyo.

Vyombo vyenyewe navyo si malaika. Siku hizi kuna vipimio vidogo vya bei nafuu, vinavyohesabu vumbi kwa mwanga. Ni vizuri, kwa maana twaweza kuweka vingi. Lakini hewa ikiwa na unyevu mwingi, kama asubuhi za ukungu za mwezi wa saba hapa Nairobi, huhesabu matone ya maji kana kwamba ni vumbi. Kwa hiyo lazima vilinganishwe na chombo kikubwa cha kuaminika, tena mara kwa mara. Tusipojua hili, siku moja wakili wa mwenye kiwanda atasimama mahakamani na kuivunja kesi yetu kwa swali moja tu. Hesabu mbaya inayotupendelea ni hatari sawasawa na hesabu mbaya inayotupinga.

UGUMU WA SITA: LUGHA

Maswali ya wachunguzi huandikwa kwanza kwa Kiingereza, halafu hutafsiriwa mjini na mtu asiyewahi kusimama kwenye mashine. Madaktari wana neno moja kwa ile sauti nyembamba itokayo kifuani mtu akipumua kwa shida. Sisi wengine twasema kifua chalia, wengine chapiga filimbi, na wengine hutumia neno la kwao. Karatasi ikiuliza, "Je, wewe hukoroma?" mtu ajibu habari za usingizi wake. Watu mia wakijibu hivyo, mchunguzi amepata hesabu, lakini hakupata ukweli.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Katika miaka ya 1950 Dr Richard Schilling alichunguza viwanda vya pamba vya Lancashire. Wafanya kazi wa huko walikuwa wakijua tangu zamani kwamba kifua huwabana siku ya Jumatatu, baada ya kupumzika Jumapili, na Jumanne huachilia. Miaka ikiendelea, kifua kikaanza kubana Jumatatu na Jumanne, halafu juma zima. Daktari ambaye angekuja kupima siku ya Alhamisi tu asingeona kitu. Schilling aliuliza swali hilo la siku, akalifanya kipimo cha ugonjwa: wa Jumatatu tu ni daraja hili, wa juma zima ni daraja lile. Elimu ya mfanya kazi ikaingia katika vitabu vya tiba. Iliingia kwa sababu aliulizwa swali lenyewe, tena akasikilizwa.

UGUMU WA SABA: MATOKEO HAYARUDI

Hili ndilo linalowakasirisha wanachama kuliko yote. Mtu apuliza katika bomba mpaka machozi yamtoke, ajibu maswali ya saa nzima, aambiwa ahsante. Hasikii neno tena. Miaka miwili baadaye habari zake zinasomwa Ulaya katika gazeti la madaktari lisilofika hapa.

Na hata yakirudi, kurudi peke yake hakutoshi. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake ni hapa Nairobi, lilitangaza uchunguzi uliofanywa pamoja na kanisa la Korogocho juu ya jaa la Dandora. Watoto 328 walichunguzwa. Karibu nusu walikuwa na magonjwa ya njia ya pumzi, na nusu walikuwa na risasi nyingi katika damu kupita kiasi kilichokubaliwa wakati ule. Matokeo yalitangazwa wazi, kila gazeti likaandika. Zaidi ya miaka kumi baadaye malori yalikuwa bado yanamwaga taka pale pale. Daktari alifanya kazi yake. Kilichokosekana ni mkono wa kuisukuma karatasi mpaka iwe amri.

Huko Uingereza, baada ya serikali kuichukua migodi ya makaa mwaka 1947, uchunguzi mkubwa ulianza mwaka 1953 katika migodi 25. Walipima vumbi mahali watu wanapofanya kazi, zamu kwa zamu, na kuwapiga picha za kifua watu wale wale kila baada ya miaka kadhaa. Matokeo ya mwaka 1970 yakawa msingi wa kiasi kipya cha vumbi kilichowekwa katika sheria mwaka 1975. Hiyo ni miaka 22 kutoka kipimo cha kwanza hadi sheria. Kwa muda huo wote chama cha wachimba makaa hakikusinzia. Sisi nasi tusidhani kwamba tutapimwa mwezi huu na kupata feni za kuvuta vumbi mwezi ujao.

BASI TUFANYEJE?

Kamati imefikiri sana. Kukataa kabisa ni rahisi, lakini kuna hasara. Bila hesabu, mbele ya Idara ya Kazi na mbele ya mahakama sisi tuna kikohozi tu, na mwenye kiwanda ana karatasi. Sheria ya fidia ya mwaka 2007 yatambua magonjwa ya kazi, lakini mgonjwa hana budi kuonyesha kwamba ugonjwa umetoka kazini. Ataonyeshaje ikiwa vumbi halikupimwa kamwe? Na mficha maradhi, kilio humfichua.

Kukubali bila mapatano nako ni kujiuza. Kwa hiyo twaleta masharti haya nane:

1. Mapatano yaandikwe kwa Kiswahili na kutiwa sahihi na pande tatu: wachunguzi, mwenye kiwanda na chama. Kila mwanachama aelezwe kwa maneno anayoyaelewa, naye awe huru kukataa au kujitoa bila kuulizwa na nyapara.

2. Habari za kifua cha mtu ni zake yeye na daktari. Mwenye kiwanda apewe hesabu za jumla tu, bila majina. Sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu yaziweka habari za afya katika zile zinazotakiwa kulindwa zaidi.

3. Mwenye kiwanda aahidi kwa maandishi kwamba hakuna atakayeachishwa wala kupunguziwa mshahara kwa sababu ya kupimwa au kukataa kupimwa. Anayehitaji kutolewa penye vumbi apewe kazi nyingine kwa mshahara ule ule.

4. Hewa ipimwe zamu zote, mchana na usiku, mashine zote zikifanya kazi, na siku za kupima zisitangazwe kwa nyapara. Mjumbe wetu asimame karibu na chombo na kuandika katika daftari yaliyokuwa yakitendeka.

5. Vibarua wahesabiwe, na walioondoka watafutwe. Chama kitatoa majina kwa idhini ya wenyewe au ya jamaa zao.

6. Maswali yajaribiwe kwanza na wafanya kazi kumi wa kila kiwanda kabla ya kuchapishwa. Na baadhi ya wauliza maswali wawe wanachama wetu waliofundishwa na kulipwa, kama ilivyokuwa Rhondda.

7. Matokeo yasiwe mali ya mlipaji. Kila mtu apewe yake na daktari anayeweza kumweleza. Mgonjwa aonyeshwe hospitali ya kwenda. Taarifa ya jumla isomwe kiwandani kabla ya kutangazwa ng'ambo, na madaktari wa Kenya waliofanya kazi hiyo majina yao yaandikwe mbele, si chini kabisa kama wabeba mizigo.

8. Mapatano yaseme tangu mwanzo nini kitafanywa vumbi likionekana kupita kiasi: nani atarekebisha, kwa fedha gani, na kwa muda gani. Nakala ipelekwe kwa wakaguzi wa Idara ya Usalama na Afya Kazini.

Mengi ya masharti haya si zawadi tunayoomba. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 41 chataja hali njema za kazi. Sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 yasema kila mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, na wafanya kazi wawe na wajumbe wao ndani yake. Wachunguzi nao hawaruhusiwi kuanza bila kibali cha serikali na cha kamati ya maadili. Basi, matawi ambayo hayajawa na kamati ya usalama yaende nyumbani leo yakijua kazi ya kwanza ni ipi. Mchunguzi akifika mahali pasipo na kamati, atazungumza na mwenye kiwanda peke yake, na kosa halitakuwa la mchunguzi.

Kwa ndugu wa tawi lililokataa twasema hivi. Hamkukosea kuogopa. Lakini hofu yenu ielekezeni kwenye sharti la pili na la tatu. Kama mwenye kiwanda chenu hatatia sahihi hayo mawili, kataeni, na chama kizima kitasimama nanyi. Kama atatia, wapeni wachunguzi nafasi.

Kwa madaktari, kama hotuba hii itawafikia, twasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hatuwafungii mlango. Lakini mgeni huyo asile, akaaga, akamwacha mwenyeji na vyombo vya kuosha. Tutawapa ukweli wa vifua vyetu na elimu ya kazi yetu. Nanyi mtupe ukweli wa vyombo vyenu, hata ukiwa haupendezi. Ikionekana kwamba kiwanda fulani ni salama, semeni, nasi tutanyamaza juu ya kiwanda hicho na kutia nguvu penye hatari. Chama hakitaki ushindi wa maneno. Chataka mtu aliyeajiriwa akiwa na miaka ishirini afike miaka sitini akiweza kupanda kilima cha kwao bila kusimama njiani kutafuta pumzi.

Bwana Mwenyekiti, masharti nane yako mbele ya mkutano. Tunaomba yasomwe moja moja, yajadiliwe, yarekebishwe panapohitajika, halafu kura ipigwe. Matawi yatakayokubali yachague watu wawili wawili, na mmoja wao awe mwanamke, wa kufundishwa kusimamia vyombo na kuandika daftari. Majina yafike ofisini kabla ya mwisho wa mwezi.